Mdoli Asiye na Miguu

Mjukuu wangu Neema,

Huku Gasenyi tuko wazima. Babu yako amepona kikohozi, ameanza tena kubishana na redio. Asante sana kwa kuwakusanyia watoto wa huku midoli yenu ya zamani. Umeniuliza kama yule asiye na miguu umtupe. Apana, mama!

Mi nikiwa mutoto nilipewa mdoli wa plastiki wa hivyo hivyo, nikalia. Mama akachukua kipande cha kitenge, akanifunga mdoli mgongoni, tukaenda sokoni. Mama mmoja muuza ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwani, akachungulia mgongoni kwangu, akashusha sauti: "Mtoto amelala?"

Mpaka leo namshukuru yule mama wa ndagala.

Mlete hivyo hivyo. Kitenge chake nimeshakata.

Nyanya yako