Dawa Si Maharage

Kisangani, Tshopo

Papa mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini wewe na Mama mko wazima huko Butembo, na kwamba goti lako limepoa. Sisi huku tunaendelea, Mungu anatusaidia. Barua hii nimemkabidhi dereva Noël kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na mimi nina hasira, Papa. Hasira kweli.

Mjukuu wako Grâce alianza kukohoa mara tu uliporudi nyumbani. Dada Marie-Jeanne hachezi na kifua cha mtoto. Alimpeleka kwa daktari, akaandikiwa amoksilini, akanunua vidonge dukani kwa Sandrine karibu na soko. Alimpa kwa saa zake, dozi kamili kwa uzito wake, nami nikiona. Homa ikazidi. Mama mkwe wake akasema mbele ya majirani kwamba dada anasahau dozi, kwamba mwanamke wa biashara hana muda wa mtoto. Dada alilia mpaka nikaona aibu kwa niaba yao.

Hospitalini Grâce aliwekewa oksijeni, na daktari akaomba kuona vidonge. Vilikuwa vimevimba, vina madoa ya kahawia. Akatueleza kwamba ndani ya kidonge kuna dawa yenyewe, na kuna unga wa kuibeba. Maji na joto vikiingia, dawa huharibika, unga hubaki, na kwa macho bado ni kidonge. Kumbe tulikuwa tunampa mtoto dozi kamili ya unga.

Nilikwenda dukani nikiwaka. Sandrine hakubishana, alinionyesha katoni. Juu yake palikuwa na jembe jekundu ndani ya duara.

Alama hiyo naijua, Papa. Uliichora kwenye magunia yako ya maharage kabla sijazaliwa, ili wapakiaji wasichanganye mizigo. Nikakumbuka ulivyotusimulia mezani, ukicheka, kwamba lori lako la maharage na dawa lilikwama kwenye matope upande wa Bafwasende, mvua ikaingia, lakini hukupoteza kitu. Ulifungua makopo, ukaanika vidonge kwenye turubai uani kwa Jérémie, anayekutunzia ghala hapa mjini, ukavirudisha. Ulisema: «Bon, mali ikilowa, jua iko.» Sikufikiri ulitaka kuviuza. Nani alikuambia dawa ni maharage? Na mbona hukuniuliza, wakati masomo yangu ya famasia unayalipia wewe?

Sasa sikia nililofanya kabla ya kukuandikia. Nilikwenda ofisi ya ukaguzi wa dawa, nikataja jina lako lote, Kataliko, na depo ya kwa Jérémie. Wameifunga, na watakuita. Dada alinisihi nisubiri, akisema baba hashtakiwi na binti yake. Nikamwuliza kama akina mama wengine wanaouziwa vidonge hivyo wasubiri pia.

Ukinikasirikia, kasirika. Lakini kwanza mpigie simu mama mkwe wake, umwambie kwa sauti yako mwenyewe kwamba Marie-Jeanne hakusahau dozi hata moja.

Grâce sasa anapumua bila mashine, na anauliza koko, babu yake, atarudi lini. Msalimie sana Mama na wadogo zangu wote. Lile gunia la maharage ulilotuachia nalo lilikuwa limelowa. Tuliyaanika, jana tukayapika, mtoto akala akamaliza sahani.

Ni mimi binti yako, bado ninayekupenda,

Olga