Neno la Siri la Mla Mihogo

Mhando, mla mihogo wewe,

Amka kidogo nikusumbue. Najua wapo watakaoniona sina adabu kumwita marehemu hivyo, lakini wewe ni Mzigua na mimi ni Mnyamwezi, watani wa jadi, na babu zetu walishaturuhusu zamani. Nikikuandikia kwa heshima utadhani barua si yangu.

Habari za huku. Banda letu la picha hapa Mkata bado lipo. Asubuhi nafungua, nafagia, natundika kile kitambaa cha bluu, kisha nakaa. Wateja wa pasipoti saizi wanaingia, wananipa pole, wanatulia kimya mpaka nimalize. Watu wamekuwa wapole kwangu kupita kiasi. Hakuna anayeniuliza leo nimebeba mzigo wa nani kutoka Tabora, mimi niliyezaliwa kambi ya mkonge Korogwe na Tabora sijawahi kufika. Chai mkono umezoea kuchemsha ya watu wawili, nyingine naimwaga.

Siku ya mazishi yako nilifanya kazi yangu. Nilivaa kofia yako, nikashika kamera, nikaanza kuwapanga waombolezaji: "Kidevu juu, mama. Usicheke, hii ni ya kitambulisho." Watu walicheka huku wanalia, hata mkeo Zaina. Nilidhani mtani akishachekesha msibani amemaliza. Matanga yakaanuliwa, kila mtu akashika njia yake, na mimi nikarudi bandani.

Kisha Zaina akaja, Hadija mgongoni. Alitaka picha yako, moja tu, ya ukutani. Mhando, hatukuwa nayo! Umepiga maharusi kuanzia Mkata mpaka Makuyuni na wewe mwenyewe huna picha. Simu yako ilipondeka pamoja na pikipiki siku ile ya ajali. Zaina amebaki na kitambulisho chako, ambacho uso umetoka kama wa mtu aliyekamatwa. Na Hadija hata kutembea hajaanza. Uso wako atausahau, kama hajausahau tayari.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, picha zimo kwenye kompyuta yako. Nilisema kwa kujiamini mno. Nilipoiwasha ikafika nusu, ikazima, ikajiwasha, ikazima tena. Nikajaribu njia zote ulizonifundisha, nikaona hapa hakuna dawa ila kupiga windo upya, kuipandishia programu yake kuu tangu mwanzo. Nikachomeka flashi, nikaanza. Ilipofika pa kuchagua diski ikagoma: diski imefungwa, weka neno la siri. Bila neno hilo, njia iliyobaki ilikuwa kufuta kila kitu.

Ni wewe uliyeifunga. Ulisema picha za watu ni amana, mwizi akichukua mashine asiondoke na nyuso zao. Nilipokuuliza neno lenyewe ukacheka, ukasema nikilijua nitavimba kichwa.

Nikapanda basi mpaka Korogwe kwa fundi mmoja. Akaigeuzageuza, akasema, "Kaka, kufuli hili halivunjiki. Futa tu, mashine bado nzima." Mashine bado nzima! Niliifunga kwenye shuka nikatoka bila kuaga.

Nikakaa nayo bandani. Nikaweka jina la Hadija. La Zaina. La mama yako, Mungu amzidishie umri. Nikaweka Kwamsisi, kijiji chenu, nikaweka Bismillahi. Ikakataa, ikakataa, na kila ikikataa nilijisikia kama wewe ndiye umeninunia. Niliogopa, Mhando. Niliogopa siku itafika nitachoka, nitabonyeza pa kufutia, na mkono wangu huu ndio utakuwa umekuzika mara ya pili.

Zaina alinikuta hapo. Akasimama nyuma yangu akinitazama ninavyoandika taratibu, nanong'ona kila jina. Akasema, "Shemeji, mbona unamtafuta kama shehe? Kwani wewe na Mhando mliwahi kuongea hivyo? Mtukane."

Nilicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kimeshika kutu. Nikaandika mla mihogo. Ikakataa, na ni haki yake, nani anajitukana mwenyewe? Basi nikageuza kibao. Nikaandika tusi lako kwangu, lile la kila siku: mpagazi. Ikakataa. Mnyamwezi, ikakataa. Kisha vidole, sijui vilitumwa na nani, vikaandika mpagaziwangu, yote pamoja.

Ikafunguka.

Sikuweza kuendelea pale pale. Zaina alitoka nje na mtoto, akaniacha. Mpagazi ulinitangazia mbele ya wateja, mbele ya makondakta, mbele ya mchungaji wangu. "Wangu" hukunitamkia hata mara moja. Kumbe ulikuwa unaliandika kila asubuhi umenipa mgongo, na mimi nimekaa hapo nasubiri uwashe mashine ili tuanze kutukanana. Nilikupenda sana, rafiki yangu. Sikukwambia kwa sababu watani hawaambiani mambo hayo.

Nilinakili kila kitu pembeni ndipo nikapiga windo. Picha zako zimo. Ulipokuwa ukijaribu taa kabla mteja hajaingia, ulikuwa unakaa mwenyewe kwenye kile kiti, umekunja uso, kola moja juu, moja chini. Ziko nyingi. Zaina akachagua ile uliyoshikwa na chafya. Nikamwambia shemeji, hiyo haifai ukutani. Akasema, "Ndiye huyuhuyu." Hadija aliinama akakushika pua, akakijaza kioo cha kompyuta mate.

Mashine sasa inawaka vizuri. Banda ni kimya vilevile, sitakudanganya. Nikienda Kwamsisi kumpa mama yako shikamoo, nasimama mbele ya ile picha ukutani nakutukana kidogo, na unanitazama tu. Naondoka nimenyong'onyea. Sikujua kwamba kutojibiwa kunauma kuliko kutukanwa.

Lakini utani unarithiwa, na wewe umeacha mtu. Pumzika, Mhando, udongo wa kwenu usikulemee. Hadija akianza kushika maneno nitaanza naye. Nitamwambia anatembea kama bata. Nitamwambia babu zake walikimbia jembe. Atalia, atamshitaki mama yake, na siku moja atakusanya tusi lake mwenyewe na kunirushia usoni, na mimi nitavumilia. Nakuahidi kwa mdomo huuhuu uliokuchosha: mwanao hatakosa mtu wa kumtukana.

Maganga