Sauti Yako na Kelele za Feni Mbili

Mwalimu Kalinga,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkono wangu unakataa kuanza bila hiyo.

Ni mimi Atu, wa mashine. Miezi saba imepita tangu tukuzike kule Idodi. Nitakueleza mambo ya ofisini Uyole kwa mpangilio, maana hukupenda habari za kurukaruka.

Gari letu lipo, bado linagoma mlimani. Zile mashine mbili za kuonyeshea slaidi ninazo mimi. Bado tunaning'iniza mashuka mawili ukutani, kushoto jani la mahindi lenye ugonjwa, kulia jani lenye afya, wakulima wanalinganisha. Maelezo ni yale uliyorekodi wewe kwenye tepu. Watu wa Usangu wakiisikia sauti yako wananiuliza, "Mwalimu mwenyewe kabaki wapi?" Siku za mwanzo nilikuwa nasema umesafiri. Nisamehe, sikuwa na nguvu ya kusema vingine.

Tatizo ni kelele za zile feni za ndani zinazopoza taa. Mashine moja inanung'unika tu, lakini zikiwaka mbili ni kama uko kwenye mashine ya kusaga. Ulipokuwa hai ulipaza sauti juu ya feni, na tepu ilikuwa ya akiba, siku koo likikukamata. Sasa tepu ndiyo kila kitu. Bwana Mkubwa wa idara alikaa nyuma kwenye onyesho moja na hakusikia neno. Akaniita. "Tepu hazipatikani siku hizi. Kama hii haisikiki, ifute, mwingine arekodi upya." Akanipa hadi mwisho wa mwezi.

Mwalimu, hiyo ndiyo sauti yako pekee iliyobaki duniani. 

Nikaenda kwa seremala wa Mafinga, akanitengenezea sanduku la mbao za paini ili nizifungie mashine humo, kelele ibaki ndani. Ilipungua kweli. Lakini baada ya muda mfupi sanduku likaanza kutoka utomvu kwenye vifundo, na nilipofungua, joto likanipiga usoni. Ungenicheka hadi ukae chini. Miaka sita nasikia "mashine ipumue, Atu," halafu naifungia sandukuni.

Kosa la pili si la kucheka. Tulikuwa Mafinga, kwenye ukumbi wa kiwanda cha mbao, mchana, madirisha tumeyaziba kwa mablanketi. Mkeo, Mama Zawadi, alikuja. Hakuwa amesikia sauti yako tangu ufe. Alikaa mbele, akatega sikio, mwishowe akaniambia, "Atu, hebu zima hayo mafeni. Mimi nimekuja kumsikia Baba Zawadi, siyo mafeni." Nilijua haifai. Nikazima feni, taa nikaziacha zinawaka.

Sauti yako ikajaa ukumbini, safi, hata pale unapokohoa kabla ya kusema "mbolea". Mama Zawadi akafumba macho. Nami nikasahau kazi. Kwenye shuka la kulia ilikuwa ile picha yako shambani, umevaa koti la kijani, umeshika jani la mahindi. Nilipoinua macho, doa la kahawia lilikuwa limeanzia begani, picha ikajikunja, doa likala uso. Nikaichomoa slaidi, nikaungua vidole. Hakuna nyingine. Nyumbani kwako wana ile ya harusi tu, ambayo umefumba macho.

Mama Zawadi hakunigombeza. Aliichukua, akaifunga kwenye pindo la khanga, akaondoka. Afadhali angenigombeza. Nililia garini hadi Makambako.

Baada ya hapo niliacha ujanja, nikafikiri kama ulivyonifundisha. Nilizifungua mashine, nikakuta vumbi la Usangu limeganda kwenye feni hadi zinayumba, na sehemu kubwa ya kelele ilikuwa hiyo. Kisha nikagundua kwamba tunazipanga ubavu kwa ubavu, moja inapumulia joto lake pale nyingine inapovutia hewa. Miaka yote hatukuliona hilo, na hapo nakulaumu kidogo. Sasa nazitenganisha hatua mbili. Picha ikiwa moja tu, taa ya mashine ya pili naizima, na feni yake naiacha hadi ipoe. Kisha nikazitoa nje kabisa. Zinakaa barazani, zinamulika kupitia dirishani, kwenye tundu nililokata katika blanketi. Kelele wanasikiliza kuku.

Alhamisi iliyopita Bwana Mkubwa alikuja Mafinga kupima. Akakaa tena nyuma. Mimi nilisimama barazani, nabadilisha slaidi kwa kuifuata sauti yako. Ikafika pale unaposema, "Tazameni jani hili nililoshika mkononi." Sikuwa na picha ya kuweka hapo. Taa sikuizima, na shuka la kulia likabaki jeupe kwa mwanga mtupu.

Nikachungulia ndani. Mama Zawadi alikuwa ameinuka. Alikwenda akasimama kwenye ule mwanga, akatoa jani la mahindi alilolikata shambani kwenu asubuhi, akaliinua juu. Wewe ukaendelea kueleza, yeye akaligeuza kila uliposema ligeuzwe. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akasema kutoka nyuma, "Tunaona, mama. Na tunamsikia."

 Bwana Mkubwa alisema tepu isifutwe, na nitafute nyingine tupu nitoe nakala.

Basi Mwalimu, pumzika. Nimekukosa sana, kazini kuliko popote. Mahali pa picha yako sitaweka picha nyingine. Kila kijiji nitakachofika, nitaacha shuka liwe jeupe, na mkulima mmoja atasimama hapo na jani lake wakati wewe unaeleza.

Mimi wako,
Atu