Unga Mweusi wa Duka la Nikolao

MAELEZO YA SHAHIDI, KITUO CHA POLISI, NEWALA

Jina: Dorika Silvesta. Umri: miaka 16. Kazi: mwanafunzi, kidato cha pili. Makazi: Newala mjini.

Leo tarehe 15 Julai 1996 naahidi kueleza yote niliyoyaona.

Mnamo Jumamosi tarehe 13, mchana, mdogo wangu Gasper, mwenye miaka minne, alikunywa dawa ya kupulizia mikorosho. Ilikuwa kwenye chupa ya soda. Ndivyo anavyoiuza jirani yetu Nikolao, mwenye duka, tangu watu binafsi waruhusiwe kuuza pembejeo.

Mama alimbeba kuwahi gari la kwenda hospitali ya Ndanda. Nikolao alimzuia barabarani.

"Mama Dorika, unahangaika bure. Kule watampa mkaa wa kunasa sumu tu. Mimi ninao, huu hapa."

Nilisema, "Shikamoo baba. Mwalimu alitufundisha kwamba mkaa wa hospitali hutengenezwa kwa namna yake."

Alicheka. "Marahaba, daktari wa kidato cha pili! Lete maji."

Alifungua pakiti anayoiuza dukani kwake, akakoroga unga mweusi kwa kidole, akakifuta kwenye suruali, akamnywesha Gasper. Ulinuka maganda ya korosho yaliyoungua nusu. Huku kwetu hata mtoto anajua kuwa mafuta ya ganda hilo huunguza mdomo. Midomo ya Gasper ilivimba, ikatoka malengelenge. Nikolao alisema, "Hiyo ni sumu inatoka." Gari likawa limeshaondoka.

Tulipata lori jioni. Hospitalini muuguzi alinusa pakiti tuliyokwenda nayo, akageuza uso. Mama aliomba mkaa wa kweli. Muuguzi alijibu, "Mama, huo hunasa sumu ikiwa bado tumboni. Hii imeshaingia mwilini." Walimchoma sindano na kumtundikia dripu. Nilipoondoka Gasper alikuwa hajafumbua macho, lakini alipumua mwenyewe. Hilo ndilo ninaloshikilia.

Jana nilirudi nyumbani kuchukua nguo za mama. Nikolao alikuja, akatoa pole, kisha akauliza pakiti iko wapi. "Msiutupe, mwanangu. Uliobaki bado unafaa."

Nimeuleta. Ni huu.

Nimesema niliyoyaona, sikuongeza wala kupunguza.

Sahihi: D. Silvesta

Maelezo ya afisa: Nimemsomea, amekubali ni sahihi. Nimepokea pakiti moja ya unga mweusi. Shahidi ameomba swali lake liandikwe, na anasubiri jibu kwenye benchi. Koplo Hamidu.

Swali la shahidi: Asubuhi hii nimepita dukani, pakiti nyingine bado zinaning'inia juu ya kopo la peremende. Afande, mtakwenda kuzitoa saa ngapi?