Saa ya Taa ya Baba Imekwama na Maua Hayatoi Vitumba

Bi Rosmira mpendwa, nisaidie kabla sijaaibika mbele ya kijiji kizima cha Santa Elena, mimi ni Nohelia, marehemu baba aliniachia nafasi yake katika gwaride la maua la Agosti na kaka yangu Evelio akanuna, tangu hapo anangoja nishindwe, sasa ile saa ya kuwasha na kuzima taa za banda la maua, ya kuchomeka ukutani, yenye duara la meno madogo, imekwama, taa zinawaka usiku kucha na maua ya krisanthemu yanarefuka majani tu bila kitumba hata kimoja, nami nikaimiminia mafuta ya nguruwe maana baba alipaka kila kitu, panga, bawaba, hata mikanda ya silleta, kile kiti cha kubebea maua mgongoni, ikazunguka siku mbili ikaganda kabisa, nikailazimisha kurudi nyuma kwa kisu ikiwa bado kwenye umeme, nikapigwa shoti. Evelio akaniambia, "Dada, saa tu imekushinda, utabeba kilo sitini? Nipe mimi hiyo nafasi." Nimpe?

Nohelia, 28 Mei

Nohelia, pole kwa msiba, na pole kwa mkono. Lakini kisu kwenye umeme, mama? Agosti ungebebwa wewe badala ya maua.

Zima swichi kuu ndipo uichomoe saa, na fundi umeme aikague hiyo soketi. Mafuta ndani ya saa hunasa vumbi, huganda, na yanaweza kushika moto. Hiyo iweke kabatini kama kumbukumbu ya baba, isirudi ukutani. Saa mpya utakayonunua ikikwama, ichomoe kwanza, isugue meno kwa brashi kavu, inua jino moja moja, kisha zungusha kwa mkono kufuata mshale, kamwe usirudi nyuma. Usifungue kasha lake. Ikinuka au ikipata moto, itupe.

Tena, nani kakuambia unahitaji saa leo? Mwanga unarefusha shina, vitumba vinataka usiku mrefu. Baba yako wiki hii angezima taa zote. Wiki tisa za usiku bila taa zinatosha, na unazo.

Evelio mwambie, "Nafasi nilipewa mimi," usiongeze neno. Kesho asubuhi jifunge silleta na kilo ishirini za viazi, uongeze kila wiki. Mafuta yaliyobaki paka mikanda ya silleta, hapo ndipo baba alipokufundisha vizuri. Siku ya gwaride nitakuwa kando ya barabara nikikutafuta.