Moyo Ambao Sikuutuma

Yaya Kalala, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu kutoka huku Ubelgiji, wewe na wote waliomo nyumbani hapo Kolwezi. Mmeamkaje? Mvua imeshalaza vumbi la machimbo? Mimi mdogo wako ni mzima wa mwili, ila nimejaa kinyaa tangu Mama aliponipigia Jumapili.

Kazi yangu unaijua. Maabarani tunalea chembe hai mpaka ziwe nyama ya moyo, kipande chembamba kinachodunda chenyewe ndani ya sahani. Kila asubuhi mimi ndiye ninayekibadilishia maji ya chakula. Wakubwa wetu wanatumaini siku moja kukishona juu ya kovu linalobaki moyoni baada ya mshtuko, kama ule uliompata Tata, baba yetu. Siku moja, Yaya. Kwa sasa tunajaribu kwa nguruwe, na wengine wanakufa.

Nilikutumia ile video kwa kujivuna, nakiri. Sikujua utampa yule anayejiita dokta hapo mtaani, awaonyeshe wagonjwa huku akiwatundikia serumu, dripu ya manjano, na kuiita moyo mpya wa Bulaya. Ni maji ya vitamini tu. Mtu anapata riziki yake kwa hofu ya wagonjwa, kisha Jumapili anaimba kwaya. Ananitia kichefuchefu. Na wewe, mkubwa wangu, ukamleta mpaka kwa Tata, naye akaacha vidonge vyake. Nakuheshimu, lakini nimechukizwa nawe pia.

Mama aliniambia hivi, kwa kunong'ona: "Tata yako anasema ile dawa ni weye uliiba kule ku kazi, ukaituma. Anakataza tukuulize ku telefone, juu bazungu banaweza kusikia, bakufunge."

Nilikana palepale. Akacheka kidogo, "Ndiyo, mwanangu, tunaelewa." Kadiri nilivyokana ndivyo alivyozidi kuamini kwamba naogopa tu simu kusikilizwa. Ndiyo maana naandika kwa mkono, na barua nampa jirani anayerudi huko Kolwezi.

Mzee anatoa mkono wake kila wiki achomwe serumu, akidhani nimeiba moyo kwa ajili yake, na ananyamaza ili kunilinda. Nililia chooni kazini. Hata ningeiba, kile kipande kingekufa kabla ndege haijatua Lubumbashi.

Nisalimie Mama, mke wako, na shangazi yetu wa Nzilo aliyenifundisha kusoma. Tata mpe kidonge leo hii, ukae hapo mpaka ameze. Kisha msomee barua hii yote. Atakuuliza kama kweli sikumtumia kitu. Usinitetee, Yaya, hata akiniona mtoto asiyemjali. Mwambie sikutuma.

Mdogo wako,
Ngalula