Simu Kumi na Moja

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya yote nakuulizia hali yako, ya shemeji na ya wapwa zangu, hasa yule mtundu aliyeng'oka meno ya mbele. Mgongo wako je, bado unakusumbua ukiinama? Mimi ni mzima, nakula, kazi ipo. Najua barua hii itakushtua, maana kwa miaka mitatu nimekuwa nikikutumia salamu za mistari miwili kwenye simu, kama mtu anayejaza fomu.

Bado nipo kwenye chumba kile kile cha ghorofani. Kuna kiti kimoja, kikombe kimoja na dirisha linalotazama ukuta. Jumapili inaweza kuisha sijafungua mdomo ila kwa kupiga mswaki. Siku nyingine nalisalimia birika. Usicheke. Upweke unamfanya mtu chizi kidogo kidogo, huku wenzake wakimwona yuko sawa tu.

Kazi yangu ni kukunja mashuka kwenye kiwanda kinachofua nguo za hospitali na nyumba za wageni. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mnashika pembe, mnalivuta mpaka linyooke, mnasogeleana mpaka vidole vinagusana, kisha mnarudi nyuma na kuanza tena. Mwenzangu ni mama mmoja mtu mzima, tunamwita Mama Pembe, kwa sababu pembe zisipolingana atakurudishia shuka hata kama saa ya kutoka imefika.

Ni yeye aliyeanzisha desturi ya meza yetu. Kila rundo lina msimulizi wake. Unasimulia jambo lililokupata wewe au mtu wako wa karibu, na mwenzako haruhusiwi kutoa maoni mpaka rundo liishe. Anauliza tu, ikawaje? Nimesikia mengi juu ya mashuka yale, kuanzia ndoa zilizovunjika mpaka dereva wetu alivyofukuzwa chuo akawaficha wazazi mwaka mzima. Watu wanaanza wamekunja uso, wakimaliza wanaulizia chai.

Mimi zamu yangu nilikuwa naikwepa. Mara koo linawasha, mara sina la kusimulia. Mwezi uliopita Mama Pembe akanibana, nikaanza kusimulia kosa kubwa alilotendewa mama yetu kabla hajafa. Nilipofika kwenye kumtaja mkosaji nikaogopa macho ya Mama Pembe. Dada, nilisema ni wewe.

Tangu siku hiyo ukawa maarufu huku kwa sifa mbaya. Dereva aliapa kwamba mtu kama wewe hawezi kukaa naye meza moja. Mama Pembe peke yake ndiye aliyekuhurumia. Alisema mtu mwenye mzigo kama huo asiachwe peke yake, akaniomba namba yako akufariji. Nilibanwa. Nikampa namba yako, lakini tarakimu ya mwisho nikaibadilisha.

Alipiga saa ya chakula. Akapokea fundi wa matairi ambaye hatumjui. Mama Pembe hakumpa nafasi ya kujieleza. Alidhani ni shemeji yangu, akamsimulia jinsi yeye mwenyewe alivyomkosea baba yake, na jinsi alivyopona siku alipopata wa kumwambia. Yule bwana alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, ndipo akasema hana mke. Meza nzima ilicheka mpaka machozi. Mimi nilicheka nao.

Kesho yake Mama Pembe akataka namba sahihi. Tulikuwa tumeshika shuka, tunasogeleana, na uso wake ukawa karibu kabisa na wangu. Nikashindwa. Nikamwambia nilichomwambia, na sasa nakwambia wewe.

Simu yangu haikutumbukia majini kama nilivyokudanganya. Ilikuwa mfukoni, nzima. Wiki ile ya mwisho mama alinipigia mara kumi na moja, na kila mara niliitazama ikiita mpaka ikanyamaza. Nilikuwa nimefukuzwa ile kazi ya ofisini aliyokuwa akiwatambia majirani, na sikujua nimwambie nini akiniuliza habari za kazini. Nilijiambia nitampigia nikipata nyingine. Nikasikia kwako kwamba amefariki. Wewe ukanitetea mbele ya wajomba, ukasema wasinilaumu, simu ilikuwa mbovu. Nilikuwa nimesimama nyuma yako nasikia, na nikanyamaza.

Mama Pembe hakuniambia neno baya. Aliendelea kuuliza ikawaje, nami nikaendelea kujibu, nikilia juu ya mashuka masafi. Moja ilibidi lirudishwe kufuliwa. Baadaye nikawaambia wote pale mezani kwamba huna kosa, na dereva anakuomba radhi. Siku hiyo nilikula chakula nikakisikia utamu wake, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau.

Rundo lilipoisha Mama Pembe aliniuliza swali moja tu. Dada yako, aliyekuwa na mama mpaka mwisho, yeye alimsimulia nani? Nilifika siku ya mazishi, nikaondoka kesho yake asubuhi, na tangu hapo sijawahi kukuuliza. Nilikuwa naogopa jibu lako, nikakuacha nalo peke yako miaka mitatu.

Sikuombi unisamehe haraka. Naomba unisimulie wiki ile, kwa barua au kwa simu, siku utakayoweza. Niambie alikuwa anakula nini, alilala vipi, na alisema nini kila aliponipigia nikakosa kupokea. Hapo usiruke hata neno.

Nisalimie shemeji, na wapwa zangu wabusu kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako, uliyemtetea bure,
Kitindamimba